Sura ya Tisa: Nozeli za Doa Jekundu

Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu ambamo Inspekta angeweza kupitisha kidole gumba. Mkaguzi wa magari aliinyanyua kuelekea dirishani ili mwanga upite, akafumba jicho moja na kuchungulia kana kwamba anapeleleza kwa jirani.

"Imeyeyuka," alisema. "Haikuvunjika. Ingekuwa imevunjika, saa hizi ningekuwa nakunywa chai."

"Tofauti yake nini?"

"Ikivunjika, chuma kilikuwa kibovu. Tunalaumu kiwanda, tunarudi nyumbani. Ikiyeyuka, ni njaa. Injini hii, afande, ilikimbizwa na njaa."

Inspekta hakulipenda jibu hilo hata kidogo. Gari la kijana waliyemwita Cheche lilikuwa limetandazwa vipande vipande kwenye sakafu ya banda la ukaguzi, na kila kipande alichokigusa mkaguzi kilimsogeza mtu mmoja karibu na jela. Kwenye mashindano ya kupanda mlima, injini ilikwama ghafla katika kona ya juu, magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka, gari likaingia ukutani. Cheche alikata roho kabla hawajamtoa. Injini hiyo ilikuwa imeundwa na kaka yake, Fundi Taratibu, ambaye sasa alikuwa mahabusu kwa kosa la kusababisha kifo kwa uzembe.

Mama yao alikuwa na wana hao wawili, basi. Asubuhi alimshika Inspekta mkono kwenye ngazi za kituo, vidole vyake vikinuka dawa ya kufutia rangi ya kucha, maana alikuwa na saluni ndogo iliyopakana na gereji ya wanawe. "Mmoja nimemzika," alimwambia. "Huyu wa pili usinizikie akiwa hai, mwanangu." Na Inspekta, mwanamke aliyezeekea kazini kwa kutomwahidi mtu chochote, akajikuta ameahidi.

"Tupime nozeli," alisema sasa.

Nozeli ni vile vidude vidogo vinavyopuliza petroli ndani ya injini, kimoja kwa kila silinda. Mkaguzi alikata lakiri ya mfuko wa vielelezo mbele ya Inspekta, wote wawili wakatia saini, kisha akazipanga nozeli nne kwenye benchi ya kupimia, kila moja ikielekea kwenye mtungi wake wa kioo. Kila nozeli ilikuwa na doa jekundu juu, dogo, limepakwa kwa mkono uliotulia.

"Rangi ya kucha," alisema mkaguzi.

"Ya mama yao. Pale gerejini namba za nozeli hazionekani zikishaingia grisi, kwa hiyo wanazipaka. Nyeupe ni ndogo, nyekundu ni kubwa. Mtu akifungua boneti tu, anajua gari lina nini."

"Basi hizi ni kubwa."

"Ndivyo zinavyosema."

Mkaguzi aliwasha benchi. Nozeli zikaanza kupuliza kwa mlio kama wa cherehani, na vimiminika vinne vikapanda kwenye mitungi vikiwa sawasawa kabisa, hakuna kilichokizidi kingine. Dakika ilipotimia alizima, akainama, akasoma, akainuka, akainama tena.

"Mililita mia tano na hamsini," alisema. "Zote."

"Zilitakiwa kiasi gani?"

Mkaguzi alijifuta mikono. Alikuwa mtu wa kupenda kueleza, na siku hiyo angalau alikuwa na msikilizaji asiyeweza kuondoka. "Sikiliza. Kwanza unajiuliza unataka nguvu za farasi ngapi. Cheche alikuwa akijitapa kwa kila mtu kwamba gari lake lina farasi mia nne. Sawa. Kila farasi anakula, na wa tabo anakula zaidi." Tabo ni ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, na ilikuwa pale sakafuni, imepinda. "Unapata chakula cha wote, unagawanya kwa nozeli nne. Halafu husemi imetosha. Nozeli haitakiwi kufunguka muda wote, lazima uiachie pumzi, kama moja ya tano hivi. Ukifanya hesabu hiyo kwa farasi mia nne, unahitaji nozeli ya mia nane na kitu. Mtu mwenye akili ananunua ya elfu moja."

"Na hizi za mia tano na hamsini?"

"Zinalisha farasi mia mbili na sabini, tena kwa adabu. Ukisukuma hewa zaidi ya hapo, nozeli inabaki wazi muda wote na haina cha kuongeza. Hewa nyingi, petroli kidogo. Watu hudhani gari litakosa nguvu tu. Hapana. Petroli ndiyo inayopoza pistoni. Ikipungua, injini inapandwa na homa. Barabara fupi haitaonyesha kitu, lakini kwenye mlima mrefu, mguu chini muda wote..." Aliigonga pistoni kwa ukucha.

Inspekta aliinama juu ya tabo. Kwenye valvu yake kulikuwa na skrubu ndogo ya kurekebisha msukumo wa hewa, na juu ya skrubu hiyo kulikuwa na mstari mweupe wa rangi ya kucha uliotoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa valvu. Mstari ulikuwa umekatika. Nusu moja ilikuwa huku, nusu nyingine kule.

"Hii imezungushwa," alisema.

"Imezungushwa, ndiyo. Fundi aliifunga, akaipiga mstari ili ajue ikiguswa. Ikaguswa. Imekazwa mizunguko miwili."

"Kwa spana gani?"

"Ndogo. Namba nane."

Inspekta alikwenda kwenye kabati, akatoa mfuko wa vitu alivyokutwa navyo marehemu, akaumwaga mezani. Leso, ufunguo wa nyumba, peremende iliyobanduliwa nusu ya karatasi yake, na spana namba nane. Kwenye mdomo wa spana kulikuwa na unga mweupe.

Kwa mara ya kwanza tangu alipoahidi, alipumua vizuri. Cheche alikuwa amejiongezea hewa mwenyewe, nyuma ya mgongo wa kaka yake. Kilichobaki ni kueleza kwa nini nozeli zenye doa la wakubwa zilikojoa kama watoto, na jibu la hilo lilikuwa rahisi: fundi aliuziwa bidhaa bandia. Muuzaji angebeba mzigo wake. Mama angerudishiwa mwanawe.

"Umefurahi," mkaguzi alimwambia, akiwa ameigeuza nozeli moja chini ya kioo cha kukuzia. "Samahani, dada yangu. Hapa ubavuni palikuwa na namba. Mtu kaisugua kwa msasa."

*

Duka la vipuri lilikuwa na bango kubwa kuliko mlango: MALI IKISHAUZWA HAIRUDI. Mwenyewe watu walimwita Hairudi, na hakuwa na ubishi nalo. Alimwona Inspekta akiingia, akaondoa miwani usoni na kuikunja, dalili kwamba hakuwa na nia ya kusoma chochote atakachopewa.

"Nozeli nne za Fundi Taratibu," alisema Inspekta. "Ulimuuzia za nini?"

"Za mia tano na hamsini."

Alilisema bila kusita hata kidogo, na Inspekta akahisi sakafu ya duka ikizama.

"Hukumwambia ni za elfu moja?"

"Afande, mimi nina madhambi yangu na Mungu anayajua, lakini hilo si mojawapo. Za elfu moja ziko pale juu. Nilimshushia mwenyewe, nikamwekea hapa. Akazirudisha."

"Zilikuwa na namba ubavuni, hizo alizochukua?"

"Namba kubwa tu, ya kiwandani. Kwani sasa hazina?"

"Labda alikosea hesabu," alisema Inspekta.

Hairudi alicheka, kicheko cha mtu aliyetukaniwa rafiki. "Taratibu? Akosee hesabu? Yule akinunua boliti anauliza imezaliwa lini. Alisimama hapo uliposimama, akapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la kaunta, ikatoka mia nane na kitu. Nikamwambia, umeona? Hizi ndogo hazikutoshi. Akafuta vumbi kwa kiganja. Akasema, 'Nazijua, kaka. Nipe hizohizo.'"

"Ulimuuliza kwa nini?"

"Nilimuuliza. Akasema gari ni la nyumbani." Alifungua miwani, akaikunja tena. "Sikuelewa. Magari yote si ya nyumbani?"

Kutoka dukani hadi kituoni Inspekta alitembea kwa miguu, akipanga mambo kama alivyozoea. Fundi alijua nozeli ni ndogo. Alisugua namba. Alizipaka nyekundu. Kabla hajaondoka bandani, mkaguzi alikuwa amefungua kompyuta ya gari na kukuta kipimo cha nozeli kimejazwa mia tano na hamsini, hesabu sahihi kabisa, na tabo imepangwa iendane nayo. Kwa maana hiyo kompyuta iliambiwa ukweli. Injini nzima iliambiwa ukweli. Ni mtu mmoja tu aliyedanganywa, naye ndiye aliyekuwa nyuma ya usukani.

Uzembe ulikuwa umekufa hapo. Mzembe hasugui namba kwa msasa. Mkuu wa kituo angeisoma ripoti hii na kulipandisha shtaka kabla chai yake haijapoa, na neno lake lingekuwa kukusudia. Yeye aliyekwenda kumtoa kijana wa watu shimoni alikuwa amelichimba zaidi, na kila koleo alilichota kwa mkono wake.

*

Fundi Taratibu aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa bado na ovaroli yake. Alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ndogo. Alikaa, akaitikisa meza kidogo, akaona mguu mmoja ni mfupi, akakunja karatasi ya sigara iliyokuwa sakafuni na kuuweka sawa.

"Cheche ndiye aliyekaza skrubu ya tabo," Inspekta alianza.

Fundi alifumba macho. "Lini?"

"Sijui. Spana ilikuwa mfukoni mwake."

"Nilipiga mstari pale. Asubuhi ya mashindano sikuuangalia. Kila siku nauangalia, siku ile watu walikuwa wengi, wananiita huku na huku."

"Kwa nini alikaza?"

"Gari halikumridhisha. Alisema linapanda kama linambeba bibi harusi."

"Na alidhani kuna petroli ya kutosha. Kwa sababu kila akifungua boneti aliona nyekundu."

Fundi alisugua doa la oili kwenye goti la ovaroli.

"Wewe ndiye uliyezipaka?"

"Mimi."

"Na namba, wewe ndiye uliyesugua?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Taratibu aliiangalia meza aliyoitengeneza. Inspekta alimpa muda. Alikuwa amehoji waongo wengi na alijua namna wanavyotafuta maneno. Huyu hakuwa anatafuta. Alikuwa nalo moja tayari, analipima kama anavyopima kila kitu.

"Wivu," alisema.

"Wivu wa nini?"

"Yeye anapigiwa makofi, mimi nanuka oili. Nilitaka ashindwe. Nikamwekea nozeli ndogo, nikamdanganya. Andika hivyo, nitie saini."

"Fundi, neno hilo linakuhamisha kutoka kosa moja kwenda lingine. Unaelewa? Hili la pili watu hawarudi."

"Naelewa."

"Mtu mwenye wivu angeifunga tabo kwa mstari ili isiguswe? Angejaza kompyuta hesabu sahihi ili injini isiumie? Uliliunda gari lile liende polepole na salama. Kuna sababu nyingine. Nipe mimi."

"Hakuna."

"Mama yako yuko nje. Ameshinda hapa tangu asubuhi."

Hapo tu ndipo alipobadilika. Aliinua uso, na Inspekta akaona hofu ambayo shtaka la kuua halikuwa limeileta. "Usimhoji mama," alisema. "Afande, nakuomba. Yeye hajui mambo ya injini. Nipe karatasi nitie saini, umwambie aende nyumbani."

Alipewa. Alisaini taratibu, herufi moja moja.

*

Mama alikuwa ameshaingia ofisini kwa Inspekta. Askari wa zamu alimwonea huruma akampa kiti. Juu ya meza kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye nozeli, ambao mkaguzi alikuwa ameuleta na ripoti yake. Inspekta aliweka karatasi ya fundi kando, uso chini, akaketi.

"Umepata nini, mwanangu?"

Angeweza kusema bado. Lakini mama alikuwa amengoja siku nzima, na kitu kimoja kizuri alikuwa nacho. "Mwanao mkubwa hakuigusa ile sehemu iliyoongeza nguvu. Ni marehemu mwenyewe aliyeikaza, kwa siri."

Mama alijifunika mdomo kwa khanga. Alilia kidogo, bila sauti, kisha akajifuta. "Mkaidi. Alikuwa mkaidi tangu tumboni, alitoka miguu kwanza." Akasogea mbele. "Lakini basi si unaona? Kaka yake hana kosa! Alilifunga gari lile lisikimbie. Andika, maana yeye mwenyewe hawezi kukwambia, ni mtu wa kukaa kimya. Mimi ndiye niliyemwomba."

Inspekta aliacha kalamu ilipokuwa.

"Ulimwomba nini, mama?"

"Alifunge. Nilikuwa silali. Nikamwita mkubwa saluni, nikamwambia, wewe ndiye baba wa mdogo wako sasa, mtengenezee gari lisilokimbia. Akasema, mama, nikimwambia, atalipeleka gereji nyingine na huko watampa kila anachotaka. Nikamwambia, basi usimwambie." Alitabasamu kwa machozi. "Alinitii. Baada ya siku chache akaja kuniambia, mama lala, nimemwekea ndogo, halitakimbia tena. Nikalala. Tangu wale watoto waanze magari, hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipolala. Hakimu akisikia hilo atajua ni mtoto wa namna gani."

Inspekta alinyoosha mkono auvute mfuko wa nozeli uingie kwenye droo. Alichelewa. Macho ya mama yalikuwa yameshafika hapo, na mwanamke aliyepaka kucha za watu nusu ya maisha yake hakuhitaji kuinama ili aone rangi.

"Ndizo zilizotoka kwenye gari?"

"Ndizo, mama."

"Ni nyekundu."

"Tupumzike kidogo. Nikuletee maji?"

"Alisema amemwekea ndogo. Ndogo ni nyeupe. Chupa zote mbili nampa mimi, najua." Alisema polepole, kama mtu anayehesabu mishono. "Siku ile alikuja kuomba nyekundu. Nikamtania, unampaka nani? Hakucheka. Alizipaka ili mdogo wake asijue."

Inspekta aliifunga droo.

"Na mdogo wake hakujua. Akakaza."

"Mama."

"Nilimwambia usimwambie. Angemwambia, angegombana naye, angenuna, angekwenda gereji nyingine wakamwekea kubwa. Angekuwa hai na kubwa zake." Aliuweka mkono juu ya mfuko, hakuubonyeza. "Andika. Yote. Hata lile la usimwambie."

"Si lazima. Yeye ameshatoa maelezo yake."

"Amesema nini?"

Mama hakungoja jibu. Aliigeuza karatasi iliyolala kando, akaisoma akifuata mistari kwa kidole. Alipofika kwenye neno wivu alirudi nyuma akalisoma tena.

"Huyu?" alisema. "Huyu alikuwa anampa mdogo wake mkate wake akiwa na njaa. Chana hii."

"Siwezi kuichana, mama. Ameisaini."

"Basi andika yangu, uiweke juu yake."

Inspekta aliandika. Alijua anachokiandika na alijua hakitamtoa mtu. Nozeli bado zilikuwa ndogo, namba bado zilikuwa zimesuguliwa, na mtu aliyekufa bado alikuwa amedanganywa na aliyemwamini. Hakimu mwema angepunguza miaka, hangeweza kufuta. Tena karatasi hii ingesomwa mahakamani kwa sauti, mtoto akiwa kizimbani anaisikia, na kile alichokuwa tayari kufungwa maisha ili mama asikijue kingekuwa kimejulikana na kila aliyekaa kwenye mabenchi. Yote hayo Inspekta aliyaona, na mkono wake ukaendelea, kwa kuwa mama alikuwa anayataja maneno mojamoja na yalikuwa ya kweli.

Mama alisoma, akasaini. Kisha akaiweka mikono yote miwili juu ya meza, karibu karibu, viganja juu.

"Haya," alisema.

"Haya nini, mama?"

"Nifunge."

"Hakuna kifungu," Inspekta alimwambia, na akaona aibu kusikia sauti yake mwenyewe. "Kumwomba mwanao si kosa. Uko huru. Nitakutafutia gari, uende nyumbani."

Mama aliendelea kuiacha mikono pale mezani.

"Nyumbani kuna nani?" aliuliza.